TUPEANE UZOEFU: Waandishi wenye imani, mliivukaje ile hofu kwamba kutunga hadithi ni kusema uongo?

#1 Mleta uzi (Morogoro)

Shalom, asalaam aleikum wakuu. Hii kitu nimekaa nayo moyoni muda mrefu. Mi ni mtoto wa kanisani na naandika hadithi tangu kidato cha pili. Sasa kuna mama mmoja mtu mzima, namheshimu sana, nilimpa daftari langu asome nikijua atafurahi, akalirudisha baada ya wiki akaniambia mwanangu kipawa unacho ila hawa watu uliowaandika hawapo, kwa hiyo huu ni uongo, andika ushuhuda. Hakusema kwa ubaya kabisa. Ila nilikaa miaka sita sijatunga hata ukurasa mmoja, nikawa naandika tafakari za umoja wa vijana tu, na zilikuwa kavu, hazimgusi mtu.

Kilichonirudisha ni 2 Samweli 12. Nimeihubiriwa mara nyingi tu ila siku hiyo nikaisoma kama mtunzi. Nabii Nathani anatumwa kwa mfalme Daudi, aliyechukua mke wa mtu na kumpeleka mumewe vitani afe. Haanzi na "umezini". Anaanza na hadithi, matajiri wawili hapana, tajiri na maskini, na maskini ana kondoo jike mmoja mdogo, na hebu angalieni nabii anavyoweka vitu vidogo vidogo pale: kondoo anakula tonge la bwana wake, anakunywea kikombe chake, analala kifuani pake kama binti. Huyo kondoo hayupo! Hajawahi kuzaliwa! Na Daudi, mtu aliyechunga kondoo utotoni, anawaka hasira mpaka anatoa hukumu kwa mdomo wake, ndo anaambiwa mtu huyo ni wewe. Nililia aisee. Angeambiwa moja kwa moja si angejitetea?

Basi karibuni wote, wa kanisani na wa msikitini. Nani alikuzuia, nini kilikufungua?

#2 Mjukuu wa Lamu (Tanga)

Waaleikum salaam dada. Kwetu hofu hiyo ipo pia, ila mimi ilinitoka mapema kwa sababu ya bibi mzaa mama. Alikuwa anaghani utenzi wa Al-Inkishafi kwa moyo akiwa anachambua mchele. Ile Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga kama miaka 200 iliyopita, na ni mtu wa dini haswa, lakini angalia anavyofanya, anauita moyo wake anazungumza nao kama mtu aliyekaa mbele yake, anakupitisha kwenye majumba ya mji wa Pate yaliyobomoka, zile daka za ukutani zilizokuwa zinapangwa sahani za thamani sasa wanalala makinda ya ndege. Nilikuwa na miaka tisa hivi nikimsikiliza bibi, nikayaona yale makinda kabisa, na usiku nikaanza kuwaza kifo kwa mara ya kwanza. Mawaidha mengi niliyoyasikia madrasa nimeyasahau, makinda sijayasahau. Ndo maana nikiandika sasa sianzi na fundisho, natafuta kwanza makinda yangu yako wapi.

#3 Mama Igizo (Mbeya)

"Natafuta makinda yangu" nimeipenda mno.

Mimi kilichonifungua ni igizo la Pasaka. Kila mwaka tulikuwa tunaigiza yale yale na watu wanasinzia. Nikasoma Marko 15 pale Simoni Mkirene anaposhurutishwa kubeba msalaba, Marko anataja kwamba ni baba yao Iskanda na Rufo. Basi, habari yao inaishia hapo. Nikaanza kujiuliza hawa watoto jioni ile walimpokeaje baba yao ametoka shamba na nguo ina damu isiyo yake. Nikaandika igizo zima liko sebuleni, msalaba hauonekani, ni mtoto anauliza maswali na baba hawezi kujibu anaomba maji tu. Kanisa lilinyamaza kimya mpaka watoto wachanga nao wakanyamaza. Baada ya ibada mmoja akaja kunigombeza, hiyo sebule haipo kwenye Biblia. Ni kweli haipo. Mwaka uliofuata nikaweka msimulizi mwanzoni anasema haya tumeyawaza sisi, Neno lenyewe mkasome Marko 15. Na nimeambiwa wengi walienda kusoma.

#4 Mzee wa Zamu (Dodoma)

Nimesoma vizuri wanangu na nawabariki, ila niseme langu. Kuna mwandishi alileta kwetu hadithi Mungu anaongea kurasa nne, maneno ya kutunga yote, na mama mmoja akayashika kama ahadi aliyopewa yeye. Ilimuumiza. Tungeni watu, tungeni mito, miti iongee kama ile ya Yothamu kwenye Waamuzi 9, lakini msimwekee Mungu maneno mdomoni.

#3 Mama Igizo

Amina mzee. Ndo maana kwenye lile igizo Yesu haongei kabisa.

#5 Kijana wa Nakuru

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine, naogopa kuandika dhambi. Mlevi wangu alikuwa hatukani, hatapiki, anaokoka ukurasa wa tatu. Rafiki yangu ambaye babake alikuwa mlevi akasoma akanirudishia, akaniambia wewe hujawahi kumngoja mtu usiku. Ilibidi nimuombe anielezee, tukakaa mpaka saa sita, mlango unavyosukumwa, mama anavyozima taa aonekane amelala. Nikaandika upya yote, na sijamwokoa yule mlevi mpaka sasa, hadithi imeishia akiwa mlangoni. Namuombea hata kama hayupo, sijui kama naeleweka.

#1 Mleta uzi

Unaeleweka sana kaka. Mzee wa Zamu shikamoo, hilo nimelichukua.

Sikuwaambia mwisho wa yangu. Mwezi uliopita nilimpelekea yule mama hadithi mpya, binti anayechota maji kisimani usiku ili asionane na wenzake. Alikaa nayo siku mbili. Jumapili akanivuta pembeni nje ya kanisa, nikajua ni yale yale, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule binti, mama yake alikuja kumsamehe?"