Mjadala: Bando ya WhatsApp pekee ipigwe marufuku?

MteteziWaBiti: Swali langu ni fupi. Hapa Kenya hakuna kanuni inayoikataza kampuni ya simu kuuza bando inayofungua programu moja na kuziacha nyingine mlangoni. Wahindi walilikataa jambo hilo mwaka 2015. Sisi tunauziwa intaneti robo robo kama nyama ya bucha ya mtaani, na tunashukuru. Nasema ipigwe marufuku. Data ni data, iwe ya WhatsApp, iwe ya kutafuta fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali. Na mtu mwenye simu ya mdogo mdogo, yaani ya mkopo wa kulipa kidogo kidogo, pamoja na bando ya WhatsApp, huyo hana simu wala intaneti. Ana deni lenye skrini.

KeboYaBahari: Kabla ya kupiga marufuku, tujue mtambo unafanya nini. Simu ikitaka kuingia tovuti yoyote ya https, salamu yake ya kwanza kwa kawaida hubeba jina la seva likiwa wazi. Mtambo wa kutoza unasoma jina hilo, unalilinganisha na orodha yake ya majina na anwani za IP, yaani namba za seva, ndipo unaamua hesabu iende mfuko gani. Ndiyo maana ujumbe na picha zinapita, lakini ukibonyeza kiungo kilichotumwa ndani ya gumzo, ukurasa unazunguka hadi uchoke, au airtime inaliwa. Kiungo kinaelekea seva nyingine.

Ukiwasha VPN, programu inayopitisha data yako kwenye seva ya kati, mambo yanageuka. Kila kitu kinaingia bomba moja lililofungwa, mtambo hauoni WhatsApp tena, unaona seva ya VPN tu. Bando yako inabaki imejaa huku salio la kawaida likiisha. Hapo watu hupiga kelele wameibiwa, na kumbe mita imesoma mfuko mwingine. Zima VPN ukiwa kwenye bando ya aina hiyo, na kwenye menyu ya data ya kampuni yako tafuta mahali pa kuzuia airtime isitumike bando ikiisha.

WakiliMpole: Sahihisho dogo kwa mwenye mada. India ni Februari 2016, si 2015. Mamlaka yao ya mawasiliano, TRAI, ndiyo iliyokataza bei tofauti kwa maudhui tofauti, na aliyeumia zaidi ni Free Basics ya Facebook, ile ya kufungua tovuti chache bila malipo. Hiyo Free Basics ililetwa hapa kwetu Novemba 2014 kupitia Airtel, wakati ikiitwa Internet.org, na hakuna aliyeinua kidole. Na si lazima tusubiri sheria mpya. Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupewa taarifa za kumwezesha kufaidi kikamilifu anachonunua. Anza na kulazimisha tangazo liseme wazi: simu ya sauti ya WhatsApp imo au haimo? Viungo vimo au havimo?

FundiWaLuthuli: "Deni lenye skrini." Haya. Mkubwa, wewe unaandika ukiwa na simu ya elfu ngapi?

MteteziWaBiti: Jibu hoja, fundi.

FundiWaLuthuli: Hoja naijibu. Unamcheka mama mboga kwa kuwa hana taslimu ya kununua simu siku moja. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipofunguliwa Oktoba 2023, simu ya bei ya chini kabisa ya 4G kutoka pale ilikuwa Sh7,499. Kwa mtu anayehesabu mapato yake kwa siku, hizo hazikai mfukoni pamoja hata wiki. Mkopo ndio ngazi.

HesabuKali: Ngazi yenye vidato vya bei. Chukulia simu ya Sh9,000 taslimu. Amana 2,000, kisha 50 kila siku kwa siku 270. Hizo ni 13,500, ongeza amana, 15,500. Umelipa simu moja na robo tatu hivi. Kabla ya kutia sahihi, zidisha mwenyewe, usisikilize neno "hamsini tu".

FundiWaLuthuli: Na akikosa kulipa? Duka limepoteza simu. Hiyo tofauti ni bei ya hatari.

KeboYaBahari: Hatari gani, na simu inajifunga yenyewe?

FundiWaLuthuli: Sasa hapo wacha niwafundishe, maana naona watu wanaongea kwa kukisia. Simu ya mkopo haifungwi kwa laini, inafungwa kwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Bonyeza *#06# uone, tarakimu 15. Nane za mwanzo zinataja modeli, sita zinazofuata ni za simu yako, ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Kabla ya simu kutoka dukani, nambari hiyo imeshaandikishwa kwenye seva. Kwa Samsung mfumo wa kufunga mara nyingi ni Knox Guard. Kwa Android nyingi za bei nafuu ni Device Lock Controller ya Google. Ukichelewa, seva inatuma amri na skrini inafunikwa na ujumbe wa kulipa. Zinabaki simu za dharura na vitu vichache.

Ukiiflashi, yaani ukiiwekea mfumo upya, haisaidii. Ikiwashwa upya na kupata intaneti, inauliza seva, na seva inaikumbuka. Anayekuahidi kuifungua kwa mia tano amezima tu kile kijiprogramu kwa kompyuta na waya wa USB. Siku simu ikifutwa, au ikipokea sasisho kubwa, kufuli linarudi, na fundi huyo atakuwa amehamia ghorofa nyingine.

MteteziWaBiti: Asante kwa kunisaidia kushinda. Simu ambayo swichi yake iko ofisini kwa mtu mwingine ni ya nani?

FundiWaLuthuli: Ni ya aliyeilipia. Hujalipa, si yako. Wewe gari la mkopo unaandikiwa logbuku, hati ya umiliki, peke yako?

Kasuku254: 😂😂 logbuku ya simu. Serikali isisikie hiyo.

WakiliMpole: Ilishasikia, Kasuku. Tangazo la Oktoba 2024 lilitaka IMEI za simu zinazoingia nchini zitangazwe kwa KRA, mamlaka ya mapato, kuanzia Januari 1, 2025. Na 2012 zilizimwa simu karibu milioni 1.9 kwa kuitwa feki. Swichi tumekuwa nazo zamani.

HesabuKali: Ukiongelea Serikali, usisahau mkono wake ndani ya bando. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023: ushuru wa bidhaa asilimia 15, kisha VAT asilimia 16 juu ya jumla hiyo. 1.15 mara 1.16 ni 1.334. Kwenye bando ya bob 100, kampuni inabaki na takriban 75 na 25 zinaenda kwa Serikali. Mnapigania robo ya WhatsApp wakati robo ya kweli imeliwa kabla hamjawasha data.

MamaWaRuta: Na mnataka mdhibiti wetu wa mawasiliano awatungie sheria ya intaneti wazi, isiyobagua programu? Vijana hamkumbuki KIXP, kituo cha kubadilishana data ya ndani ya nchi. Mwishoni mwa 2000 makampuni ya intaneti ya Nairobi yaliunganisha ruta zao mahali pamoja, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isipande setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom ikalalamika kwamba ni yeye pekee mwenye haki hiyo, mdhibiti akaifunga. Ikafunguliwa tena Februari 2002. Zaidi ya mwaka tukilipa dola ili jirani asome barua ya jirani. Mpe huyo rungu la "kulinda uwazi" uone atampiga nani.

MteteziWaBiti: Mama, hiyo ni miaka zaidi ya ishirini iliyopita.

MamaWaRuta: Novemba 2024 je? Telegram ilifungwa wakati wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano, eti kuzuia wizi wa mitihani. Nchi nzima ikakosa kwa sababu ya karatasi ya Kemia. Na Juni 25, 2024, siku ya maandamano, intaneti ilizorota. Siku moja kabla Mamlaka ilikuwa imesema haina nia ya kuzima, na makampuni yakataja kebo za baharini. Amini utakalo.

KeboYaBahari: Kuamini si lazima, pimeni. Wekeni OONI Probe, programu ya kupima kama tovuti imezuiwa. Zima VPN kwanza. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu, anapima mtandao wa Uholanzi akidhani ni wa Kayole. Endesha kipimo cha Telegram kwa data ya laini, kisha dakika hiyohiyo kwa wai-fai ya kampuni nyingine. Ikikataa kwa laini, ikakubali kwa wai-fai, na tovuti nyingine zote zinapita kwenye laini hiyo, umeshika kitu. Ikiwa kila tovuti inasuasua kila mahali, shuku kebo kwanza. Na mjue matokeo huchapishwa wazi pamoja na jina la mtandao uliotumia. Anayeogopa hilo asipime.

Kubadilisha DNS peke yake, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, ile Private DNS ya Android 9 kwenda mbele, husaidia kizuizi kikiwa kwenye DNS tu. Kikiwa cha anwani za IP, hata uweke DNS ya mbinguni haifunguki. Na wakifunga mlango namba 853, unaopitiwa na Private DNS, simu itaandika haina intaneti kabisa na utalaumu mnara bure. Irudishe kwenye "otomatiki" kwanza.

WakiliMpole: Nirudi kwenye mada, kama bado ipo. Ulaya walitunga kanuni za intaneti wazi 2015, bando hizi zikaendelea kupenya kwa miaka, hadi Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipozikataa katika kesi za Vodafone na Telekom Deutschland. Marekani kanuni kama hizo za 2015 zilifutwa 2017, zikarudishwa 2024, mahakama ya rufaa kule Cincinnati ikazitupa Januari 2025. Sheria pekee si dawa.

FundiWaLuthuli: Dawa ni simu yako mwenyewe, hata kama ni ya kutumika. Ukinunua ya mitumba, lipa baada ya haya: linganisha *#06# na nambari ya kwenye kisanduku. Weka laini. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, kisha ifute yote hapohapo, iunganishe na intaneti, na usubiri hadi mwisho wa hatua za kuiwasha. Ikiandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, mrudishie na salamu. Samsung, *#0*# inakupa kupima skrini rangi kwa rangi. Alama za kuungua huonekana kwenye rangi moja iliyojaa.

MteteziWaBiti: Niliuliza kuhusu bando.

Kasuku254: Bando baadaye. Fundi, hizi simu za kutoka Marekani ni bei nzuri. Shida yake?

FundiWaLuthuli: Tatu. Nyingine zimefungwa kwa kampuni ya huko, laini yetu haikubali. iPhone za huko kuanzia 14 hazina hata tundu la laini, ni eSIM tu, laini ya kielektroniki isiyo na kadi. Na baadhi hazina bendi 20, yaani 4G ya megahezi 800, ile inayopenya ukuta. Juu ya ghorofa utasifu, ukishuka kwa duka la chini inaangukia 3G.

Kasuku254: Na za Japani?

FundiWaLuthuli: Kamera inalia kila ukipiga picha, na nyingi hazina mahali pa kuizima. Angalia bendi pia. Andika namba kamili ya modeli iliyo kwenye mipangilio, si jina la kwenye kasha, nikuambie.