Pujols kutemwa na Angels huku akidai dola milioni 30: nani alikosea?

Mleta mada

Wakuu, kila jina la Albert Pujols likitajwa ubishi huu unafufuka, kwa hiyo nauleta tuupasue. Kwa wasiofuatilia besiboli: Pujols ni mzaliwa wa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, aliyehamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1999 St. Louis Cardinals walimchukua akiwa mchezaji wa 402 kuitwa kwenye zamu za timu kuchagua vijana, yaani vijana 401 waliitwa kabla yake. Akaingia ligi kuu mwaka 2001 na kwa misimu 11 hakukamatika. Wastani wa kupiga .328 (sehemu ya nafasi zake za kupiga alizofanikiwa), homurani 445 (ile mipira inayovuka uzio), mchezaji bora wa ligi mara tatu, ubingwa wa 2006 na wa 2011.

Desemba 2011, akiwa anakaribia miaka 32, Los Angeles Angels wakampa mkataba wa miaka 10 kwa dola milioni 240. Mei 6, 2021, ukiwa ni msimu wa mwisho wa mkataba huo, wakatangaza kwamba wanamwondoa kikosini. Alikuwa na miaka 41 na wastani wa .198, maana yake kwenye kila nafasi kumi za kupiga, hata mbili hazitimii. Mshahara wake wa mwaka huo ulikuwa dola milioni 30.

Msimamo wangu: Angels walikuwa sahihi, na kama kuna kosa basi ni kuchelewa.

Kikosi kinachoruhusiwa kwenye mechi ni watu 26. Pujols kwa umri ule alibaki na sehemu mbili tu za kucheza: besi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vile mpigaji anavyokimbilia), au yule mpigaji ambaye hashiki ulinzi. Besi ya kwanza ilikuwa na Jared Walsh, kijana aliyemaliza msimu huo na homurani 29 na kuitwa kwenye mechi ya nyota. Sehemu ya pili ilikuwa ya Shohei Ohtani, aliyepiga homurani 46 huku akiwa pia mrushaji wa mpira kwa wapigaji wapinzani, akatangazwa mchezaji bora kwa kura zote. Sasa niambieni, mzee akae wapi? Wa kumpisha ni yupi kati ya hao wawili?

Na lile la "tunamlipa milioni 30 kwa hiyo lazima acheze" naliona limekaa kichwa chini miguu juu. Acheze au asicheze, pesa ile ilikuwa yake. Mikataba ya besiboli ya Marekani ina dhamana, ukimtema mchezaji unaendelea kumlipa. Maji yalishamwagika tangu 2011. Swali lililobaki Mei 2021 lilikuwa moja: nani atatupatia ushindi kesho?

Karibuni, ila tusitukanane.

Kapelo Nyekundu

Mkuu, hesabu zako ziko sawa na bado sikubaliani nawe. Mtu ana homurani 667, yumo kwenye orodha fupi kabisa ya wapigaji wa mchezo huo tangu uanze. Umemvumilia miaka tisa, imebaki miezi mitano, halafu katikati ya wiki unamwambia kusanya virago? Kama walijua hana nafasi, wangezungumza naye Februari kabla ya kambi, wapange namna ya kuagana. Walimfungia safari, wakamvalisha jezi, wakaanza naye msimu, ndipo wakamwona hafai baada ya mechi 24.

Halafu linganisha na alivyopokewa St. Louis Juni 2019, aliporudi mara ya kwanza akiwa na jezi ya Angels. Mashabiki wa Cardinals, timu aliyoikimbia wakisema anafuata pesa, walisimama kila alipokwenda kupiga. Siku ya pili akawapiga homurani, wakampigia makofi hadi akatoka tena kwenye benchi kuwapungia kofia. Mpinzani huyo! Kule anapewa heshima na watu aliowaacha, huku kwake anatolewa kwa tangazo la klabu.

Mhasibu Mstaafu

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana neno "analipwa kupita kiasi" linatupwa ovyo.

Msimu wa 2001 alilipwa dola 200,000. Msimu wa 2003, alipoongoza ligi yake kwa wastani wa .359, alilipwa dola 900,000. Siyo kwamba alikuwa mjinga wa kujadiliana. Utaratibu wa ligi ni kwamba miaka ya kwanza timu ndiyo inayopanga, karibu na kima cha chini. Baada ya miaka mitatu hivi mchezaji anaweza kupeleka mshahara wake kwa msuluhishi. Na hawezi kwenda sokoni kwa hiari yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu. Kwa hiyo nguvu zake zote za ujanani zinauzwa kwa bei ya kutupa. Siku akiruhusiwa kujiuza, tayari ana miaka 29, 30, 31. Soko linampa mkataba mrefu, na sisi tunaanza kuhesabu miaka yake ya uzee na kupiga kelele kwamba anaiba.

Jumlisha maisha yake yote ya kazi. Mimi simwoni mtu aliyelipwa kupita kiasi. Namwona mtu aliyelipwa kwa kuchelewa.

Shabiki wa Kando

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo, nakuheshimu sana ila hapo umeruka shimo. Deni la ujana wake lilikuwa la nani? La Cardinals! Wao ndio waliokula miaka ile ya bei ya kutupa, wakabeba makombe mawili, na mwaka 2011 walipoona dau limepanda wakamwacha aende. Angels hawakula hata mbegu moja ya shamba lile. Wamelipa deni ambalo hawakukopa. Kwa St. Louis hoja yako inasimama. Kwa Anaheim, mji wanakocheza Angels, haina miguu.

Na hao Angels walipata nini? Miaka kumi ya mkataba, walifika hatua ya mtoano mara moja tu, 2014. Walishinda mechi 98 msimu ule, halafu Kansas City Royals wakawafunga tatu bila majibu. Basi. Wastani wake akiwa kwao ni .256. Miguu ilimsumbua mpaka ikawa ukimtazama anakimbia besi unamhurumia.

Lawama yangu haiendi kwa Pujols hata kidogo, maana mtu akikuwekea milioni 240 mezani utaikataa? Inakwenda kwa mwenye timu, Arte Moreno. Ni yeye aliyetaka jina kubwa, wakati timu imetoka kupata mkataba mnono wa televisheni. Alinunua bango la matangazo, akalipata, kisha mwaka wa kumi akashangaa kwamba bango halipigi mpira.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo umenibana, nakubali Angels hawakuwa wadaiwa wake. Lakini soko halina mdaiwa mwingine. Cardinals hawatalipa ya nyuma kwa hiari yao, na utaratibu hauwalazimishi. Akisubiri mwenye deni halisi alipe, atakufa akisubiri. Dawa ni kubadilisha hiyo miaka sita, siyo kumbeza mzee siku anapotoka.

Kapelo Nyekundu

Mleta mada, mbona umeishia Mei 2021? Malizia hadithi. Siku chache tu baada ya kuachwa, Los Angeles Dodgers wakamchukua. Jirani zao hao, eneo lilelile la Los Angeles! Wakamlipa kima cha chini cha ligi, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 570,500 kwa msimu mzima, tena kwa kukata siku zilizopita. Chote kilichobaki kikaendelea kutoka mfukoni mwa Angels. Akawapigia homurani 12. Vijana wa Dodgers wakamwita Tío Albert, mjomba Albert.

Mwaka 2022 akarudi St. Louis kwa dola milioni 2.5. Homurani 24. Septemba 23, palepale uwanja wa Dodgers, alipiga ya 699 na ya 700 usiku mmoja, na alipomaliza kuzunguka besi akaenda kwenye wavu nyuma ya besi ya nyumbani kugonganisha viganja na Adrián Beltré, Mdominika mwenzake aliyekuwa amekaa pale. Akastaafu na 703. Mtu "aliyekwisha" hafanyi hivyo.

Mleta mada

Nilijua utakuja na 700. Sasa angalia alizipataje. Dodgers walimtumia hasa dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, na dhidi ya hao, kwa msimu mzima wa 2021, alikuwa na wastani wa .294. Siku akisimama mrushaji wa mkono wa kulia, mara nyingi mjomba alikuwa benchi. Cardinals nao wakaanza hivyohivyo, na 2022 ndio mwaka ligi yao ya National (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) iliporuhusu moja kwa moja mpigaji asiyeshika ulinzi, kwa hiyo 2021 hata mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Uongozi wa Angels ulisema wazi walipomwacha kwamba yeye anataka kuwa uwanjani, na nafasi ya kucheza mara kwa mara haipo. Kazi aliyoifanya vizuri baadaye ni kazi ndogo, na ndogo hiyo haikuwapo kwao wakiwa na Ohtani.

Nakupa moja: Angels bila yeye walimaliza 2021 wakiwa na ushindi 77 na vipigo 85. Kumtoa hakukuwaokoa. Ila kumbakiza kungemweka Ohtani au Walsh benchi, na hilo hujalijibu tangu tuanze.

Bint Mzizima

Jamani mimi ni wa mpira wa miguu, besiboli naijua kwa kusimuliwa na kaka yangu aliye Marekani. Ninachokiona ni kimoja: mtu katemwa na bado analipwa mpaka senti ya mwisho, na hakuna kesi. Huku kwetu mchezaji akivunjiwa mkataba anaanza safari ya shirikisho, kutoka hapo FIFA, na klabu inakuja kushtuka imefungiwa kusajili. Nyie mnabishana kuhusu heshima ya mtu mwenye milioni 30 mfukoni. Mimi ningeachwa hivyo kesho asubuhi.

Shabiki wa Kando

Dada umenichekesha, na una hoja. Tena Angels hawakukoma. Machi 2019, Pujols akiwa bado kwenye vitabu vyao, walimpa nyota wao Mike Trout miaka 12 kwa dola milioni 426.5, mpaka 2030, atakapokuwa na miaka 39. Desemba mwaka huohuo wakampa mchezaji mwingine, Anthony Rendon, milioni 245 kwa miaka saba. Na timu ya New York Mets nayo Desemba 2024 ilimpa mchezaji Juan Soto miaka 15 kwa milioni 765.

Mleta mada, kwa kanuni yako ya "nani atatupatia ushindi kesho", Trout unamtoa mwaka gani? Taja mwaka, usizunguke.