Mwezi wa Mei pwani ya kusini ya Uingereza: tumpeleke mama Brighton au Hastings?

MamaWawili_Croydon

Wanajamvi, habari za humu. Mama mkwe anatoka Tanga mwishoni mwa Aprili na atakaa nasi hadi Juni. Kazaliwa na kukulia pwani, anapenda ngoma, anapenda watu, na sitaki arudi nyumbani akiwa ameona maduka ya Croydon na mvua ya dirishani tu. Majira ya machipuko ndiyo watu wa huku wanatoka nje, kwa hiyo tumeamua kumpeleka mji wa bahari siku yenye shamrashamra za kweli.

Tumebaki na miji miwili, Brighton na Hastings. Watoto wana miaka 6 na 9. Mama bado ana nguvu ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Fedha si nyingi. Aliyekwenda kote kuwili anilinganishie, maana kila ninayemuuliza anasifia mji wake.

Mpwani_wa_Hove

Dada, karibu sana. Mimi ni wa upande wa Brighton kwa hiyo na mimi nitasifia mji wangu, lakini nitakupa na sababu.

Kwanza ujue kwamba Mei ya Brighton ni shughuli nne zinazoingiliana, na watu wengi huzichanganya. Lipo tamasha kubwa lenyewe, Brighton Festival, lililoanza 1967: muziki, tamthilia, dansi na waandishi, kwa takriban wiki tatu, tiketi za kulipia na nyingine za bure. Miaka mingi wamekuwa wakimwalika msanii aongoze uteuzi wa kazi. Mwaka 2019 alikuwa Rokia Traoré wa Mali, na baada yake Lemn Sissay, mshairi mwenye asili ya Ethiopia. Nayasema haya kwa sababu wapo Waafrika wenzetu wanaodhani mambo haya si yao.

Pembeni yake kuna Fringe, ambako yeyote mwenye onyesho anaweza kujiandikisha na kutafuta ukumbi, hata chumba cha juu cha baa. Humo utakuta lulu na utakuta takataka. Halafu katikati ya mwezi kuna The Great Escape, mamia ya bendi changa kwenye kumbi ndogo ndogo za mji mzima. Hiyo isahau, ni ya vijana na watu wa biashara ya muziki, na kumbi nyingi haziruhusu watoto.

Kwa familia yako siku ni moja: gwaride la watoto, Jumamosi ya kwanza ya tamasha. Shule za Brighton na vitongoji vyake hupewa mada ya mwaka, kisha watoto na walimu hutengeneza vinyago na mavazi kwa karatasi, vitambaa na fito, na maelfu yao wanapita katikati ya mji na ngoma za kupiga kwa mkono. Kutazama ni bure. Njia ni tambarare, mama atasimama bila shida.

Binti_Makunduchi

Mie nipo Hastings. Mpwani kasema kweli tupu kuhusu Brighton, lakini dada kauliza shamrashamra za kweli, na mie naona pana tofauti kubwa kati ya mji unaoandaa tamasha na mji unaosherehekea.

Jumatatu ya kwanza ya Mei, ambayo nchi nzima ni mapumziko, Hastings hufanya Jack in the Green. Asili yake ni wafagia mabomba ya moshi wa karne ya 18, siku ya mwanzo wa Mei ilikuwa yao, wakitembea mitaani na kichaka kinachocheza ili wapate chochote. Ikafifia. Hapa Hastings kikundi cha Morris, ngoma ya jadi ya Waingereza, kiitwacho Mad Jack's Morris kiliifufua 1983, na sasa mji wa kale wote ni majani na utepe kwenye madirisha na milango.

Huyo Jack ni fremu ya koni ndefu kuliko mtu, imefunikwa majani mabichi mpaka chini, juu taji la maua, na ndani yumo mtu anayeibeba. Miguu huioni. Unaona kichaka kinazunguka, kinainama, kinasimama ghafla watu wakipiga kelele. Walinzi wake, wanaoitwa Bogies, wamejipaka kijani mwili na uso na wamevaa matambara ya majani. Wakikupita karibu wanakupaka kijani puani, na watoto huwakimbilia wenyewe wapakwe. Nyuma zinafuata ngoma kubwa, za kutikisa kifua. Msafara unaanzia ufukweni kwa wavuvi, unapita vichochoro, unapanda kilima cha West Hill, na alasiri Jack "anauawa" ili kiangazi kiingie. Watu wanagombania majani yake, wanakwenda nayo nyumbani kwa heri ya mwaka.

Sasa mwambie mama mkwe afikirie Mwaka Kogwa wetu Makunduchi. Kule tunachapana kwa migomba, tunachoma kibanda, wanawake wanaimba, mwaka mpya unaingia. Na Mwaka Kogwa wenyewe shina lake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi unaoanza na machipuko, ila kwa sababu hesabu yetu ya siku 365 haina mwaka mrefu, umesogea pole pole mpaka tunauona Julai. Mie niliposimama West Hill mara ya kwanza sikuhitaji mtu anieleze kinachofanyika.

KakaLikoni

Binti umeeleza vizuri, lakini kuna mambo mawili mgeni anafaa kuambiwa mapema.

La kwanza, pikipiki. Jumatatu hiyo hiyo maelfu ya waendesha pikipiki huteremka Hastings kutoka upande wa London kupitia barabara ya A21. Ukija na gari utakaa barabarani. Watoto wangu walizipenda sana, zimepangwa ufukweni mstari usioisha, lakini mzee asiyependa kelele atachoka.

La pili sijaona mtu akiligusa. Baadhi ya vikundi vya Morris zamani walikuwa wanajipaka uso wote rangi nyeusi. Wapo waliosema ni masizi ya wafagia moshi, wapo waliosema ni kujificha wasitambulike, lakini mimi nikiwa na mtoto wangu mkono mmoja, maelezo hayo hayakuwa yananisaidia. Mwaka 2020 vyama vyao vikubwa vilitangaza kuachana na rangi hiyo, na wengi walihamia bluu, kijani au vinyago. Kwa hivyo siku hizi hali ni tofauti. Hata hivyo ningetaka mama wa watu awe amesikia habari hii nyumbani kwanza, kuliko aone picha ya zamani dukani na abaki na swali moyoni.

Binti_Makunduchi

Ahsante Kaka, umefanya vyema kulisema. Hapa Hastings rangi ya siku ni kijani, na sote tunaopenda sherehe hii tunataka ibaki hivyo.

Mzee_wa_Bristol

Vijana, mmesahau Padstow kule Cornwall. Ni tarehe 1 Mei, siku yoyote ya wiki, isipokuwa ikiwa Jumapili ndipo inasogezwa hadi tarehe 2. Farasi wawili wa turubai jeusi, mmoja wa wekundu na mmoja wa bluu, kila mmoja na watu wake, akodiani na ngoma na wimbo mmoja kutwa nzima. Watu waliohama mji hurudi siku hiyo kama sisi tunavyorudi Idi. Kwa uzito wa jambo lenyewe, hakuna mji uliotajwa hapa unaoufikia. Lakini kutoka Croydon ni safari ndefu, treni haifiki mjini, na vyumba vya kulala hujaa mapema. Kwa mama mwenye magoti, simshauri.

MamaWawili_Croydon

Shikamoo Mzee. Padstow naiweka kwa mwaka mwingine, watoto wakikua.

Binti, umenivuta hasa. Swali langu ni hicho kilima. Ngazi ni nyingi? Na ikinyesha je?

Binti_Makunduchi

Ngazi za kupanda West Hill ni nyingi na kali, sikufichi. Ipo lifti ya reli inayopanda kutoka George Street, ya tangu 1891, lakini siku ile foleni huwa ndefu, tena hakikisha kwanza kama inafanya kazi.

Mie ningemfanyia hivi: asipande kabisa. Mkae chini kwa wavuvi, panaitwa The Stade, kabla msafara haujaanza asubuhi. Jack, Bogies, ngoma, wote anawaona hapo hapo wakiwa wapya hawajachoka. Baba apande na watoto kushuhudia mwisho, nyinyi wawili mbaki. Na pale si pa kubaki kwa unyonge. Hastings haina bandari ya kuegesha, kwa hiyo mashua za uvuvi zinavutwa juu ya kokoto kwa mashine, na hao wavuvi wanahesabiwa kuwa kundi kubwa zaidi Ulaya la wanaoingiza mashua zao baharini moja kwa moja kutoka ufukweni. Nyuma yao vibanda vya mbao vyeusi, vyembamba na virefu kama minara, vya kuwekea nyavu. Vilijengwa kwenda juu kwa sababu nafasi ya chini ilikuwa haba. Mama wa Tanga ataangalia fundo za nyavu na aina za samaki, na mtaongea mpaka jioni.

Mvua ikinyesha wanaendelea. Leteni makoti.

Mpwani_wa_Hove

Nakubali, kwa siku ya Jumatatu Hastings imeshinda. Lakini msiitupe Brighton. Ile shughuli ya nne sijaitaja: mwezi wote wa Mei, Jumamosi na Jumapili, wasanii wa hapa hufungua nyumba zao. Ilianza mapema miaka ya 1980 mtaa wa Fiveways, sasa ni nyumba nyingi mji mzima, kuingia bure. Unabisha hodi, unapokelewa sebuleni, picha ukutani, vyungu mezani, mwenye kazi mwenyewe amesimama kukueleza, na nyumba nyingine wanauza chai na keki bustanini. Kwa mama yetu aliyezoea kukaribishwa ndani, Uingereza ya kawaida ni milango iliyofungwa. Huo ndio mwezi wa kumwonyesha iliyofunguka. Chagueni mtaa mmoja, nyumba tatu nne, inatosha. Fiveways ina miteremko, upande wa Hove ni tambarare zaidi.

Jambo la kalenda pia: gwaride la watoto na Jack huangukia wikendi moja miaka mingi, lakini mwezi ukianza Jumapili au Jumatatu vinaangukia wikendi tofauti. Ilitokea 2022 na 2023. Tazama tarehe kabla ya kukata tiketi za treni. Na kuna treni ya moja kwa moja ya pwani kati ya Brighton na Hastings, kama saa moja hivi, kwa atakayetaka kuunganisha.

KakaLikoni

Na fukwe zote mbili ni mawe, si mchanga. Mwambieni mama kabla, avae viatu vigumu, na mbebe kiti cha kukunja. Maji mwezi wa Mei ni nyuzi 11 au 12 tu, watoto wataingia na kutoka mbio.

MamaWawili_Croydon

Nimepata nilichotaka, Mungu awabariki nyote. Tumekubaliana na mume wangu: Jumatatu Hastings kwa treni, mimi na mama chini kwa wavuvi, yeye na watoto wapande kilimani. Brighton tutakwenda Jumamosi ya baadaye Mei, kwa ajili ya nyumba za wasanii upande wa Hove, bila haraka. Gwaride la watoto limenipendeza lakini siku mbili za msongamano ndani ya wikendi moja ni nyingi kwa magoti yale.

Binti, kama utakuwepo The Stade asubuhi hiyo, niandikie ndani. Mama amesema atakuja na khanga ya ziada kwa atakayetupokea.

Binti_Makunduchi

Nipo, dada. Nitakuandikia. Fikeni mapema, ikifika saa nne asubuhi pale hapapitiki.