Kuamini roho haifi bila kuwa na dini: inawezekana?

Mdadisi:
Wakuu, heshima kwenu. Siku hizi unasikia sana "sina dini, ila naamini roho haifi." Imani hiyo inasimama yenyewe, au ni kipande kilichonyofolewa kwenye dini? Na anayetaka kuichunguza aanzie wapi? Mahubiri tuyaweke kando tafadhali.

Kalamu Kavu:
Mkuu, tenganisha kwanza taasisi, ibada na fundisho kuhusu wafu. Havitembei pamoja sikuzote. Masadukayo, kundi la Wayahudi wa zama za Yesu, walikuwa na nguvu hekaluni na katika ukuhani, lakini walikana ufufuo (Matendo 23:8). Ubuddha una watawa na kanuni kali, unafundisha kuzaliwa upya, ila unakana kuwepo kwa nafsi ya kudumu inayohama. Kwa hiyo ndiyo, imani na taasisi vinaachana.

Ila ukisema "roho haifi" tayari umechagua upande: wa roho, si wa ufufuo wa mwili. Danieli 12:2 inasema waliolala mavumbini wataamka. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anatetea mwili, japo uliobadilishwa. Kanuni ya Imani ya Wakristo ya mwaka 381 inataja ufufuo wa wafu, haitaji roho kutokufa. Aliyepanga hoja za roho kutokufa kwa asili yake ni Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, karne nyingi nyuma. Wengi wanaojiona wametoka dini wametoka na Plato mfukoni.

Bint Hekima:
Niongeze upande wa Uislamu, maana huko mpangilio uko wazi: kifo, barzakh yaani hali ya kati ya kifo na ufufuo (Qur'ani 23:100), kufufuliwa, hesabu ya matendo, kisha pepo au moto. Anayesoma aandike kando ya kila fundisho limetoka wapi: aya, hadithi au maelezo ya wanazuoni. Majina Munkar na Nakir, malaika wanaowahoji wafu kaburini, kwa mfano, yamo katika hadithi, hayamo katika Qur'ani. Wengi hukwama hapa: simulizi ya mhubiri inanukuliwa kama aya, halafu mtu anaikataa dini nzima kwa sababu ya simulizi hiyo.

Rafu ya Juu:
Asiyetegemea maandiko huishia kwa "waliokufa wakarudi", basi tuangalie namba. Utafiti wa Van Lommel na wenzake, Uholanzi, 2001: wagonjwa 344 waliorudishiwa mapigo ya moyo, 62 wakaripoti uzoefu wa namna hiyo. Yaani asilimia 18. Waliobaki hawakuripoti kitu, na hilo husahaulika.

Watafiti wengine, Parnia na wenzake, walichapisha matokeo yao 2014. Waliweka rafu karibu na dari za hospitali, zenye picha inayoonekana kutoka juu tu. Kama kweli mtu ametoka mwilini na kuelea, aitaje picha. Matukio ya moyo kusimama yalikuwa 2,060. Walionusurika wakahojiwa ni 140, na 101 kati yao wakafika mahojiano ya kina. Wawili walisimulia kuona na kusikia yaliyokuwa yakiendelea. Sasa shida: wote wawili moyo ulisimamia mahali pasipo na rafu, na zaidi ya robo tatu ya matukio yote yalitokea mahali kama hapo. Kipimo chenyewe hakikutumika. Anayekuambia utafiti ule ulithibitisha roho, au uliikanusha, hajausoma.

Tena moyo kusimama si kifo kisichorudi nyuma. Na kumbukumbu haina saa: huwezi kujua kirahisi ilijengeka ubongo ukiwa kimya, ukizimika, au ukiamka.

Mdadisi:
Asanteni. Sasa asiye na maandiko wala kipimo anashika nini?

Kalamu Kavu:
Ajibu kwanza kinachoendelea ni nini. Kumbukumbu? Tabia? Au uhai mtupu usio na jina? Kama kumbukumbu zinafutika, aeleze kwa nini anayeendelea ni yeye na si mtu mwingine. Kama zinabaki, aeleze zinabebwa na nini ikiwa jeraha la ubongo huzifuta mtu angali hai. Dini zina karne za mabishano juu ya maswali haya. Aliyetoka peke yake anayabeba peke yake.

Bint Hekima:
Na swali la hesabu ya matendo usilisahau. Anayebakiza uzima wa milele akaondoa hukumu, aseme aliyedhulumiwa analipwa wapi.