Aliyetupeleka Seven Sisters Jumamosi: umechezea roho za watoto wetu

Wakuu, nimekaa siku mbili nikitulia kwanza, lakini hasira haijaisha.

Tulitoka London kwa kibasi cha kukodi, watu wazima 14 na watoto 9, kwenda Seven Sisters, yale magenge meupe ya pwani ya kusini mwa Uingereza. Mratibu simtaji, ni ndugu yetu na anajijua. Kwenye tangazo aliandika "matembezi mepesi na picha". Mepesi wapi! Ni kupanda na kushuka kilima baada ya kilima, na mama mmoja wa makamo alikuja na ndala. Hilo nasamehe.

Nisilosamehe ni kule juu. Aliwapanga watoto ukingoni, bahari mgongoni, akiwaambia "rudini nyuma kidogo, kidogo tena". Sehemu kubwa pale hakuna ukuta wala uzio. Mwanangu wa miaka 7 alikuwa amebakiza hatua mbili. Nikapiga kelele, nikaambiwa namwaibisha, mbona Wazungu wanakaa palepale wakining'iniza miguu.

Jamani, jabali lile ni chaki! Ukilikwaruza kwa ukucha unabaki na unga kidoleni. Bahari inalila kwa chini, juu panabaki nyasi tu, na wewe uliyesimama huoni kwamba chini yako hamna kitu. Linaporomoka pande zima kwa mkupuo. Mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout, mbele kidogo ya Birling Gap, ule ufuko wa pale chini, mwaka 1999 ilibidi wausogeze mzimamzima mita 17 kutoka ukingoni. Mnara wa mawe umehamishwa, wewe unampeleka mtoto wa mtu palepale kwa ajili ya picha? Mabango ya onyo yapo, tumeyapita wote.

Halafu chini, Birling Gap, akatandika mikeka chini kabisa ya genge tule pilau. Nikamuuliza maji yanajaa saa ngapi. Hajui. Mtu aliyezaliwa Tanga, anayejua bamvua, yale maji makuu ya bahari, ni nini tangu utotoni, hakuangalia! Maji yalipoanza kulowesha mkeka ndipo tukabeba watoto mbiombio hadi kwenye ngazi.

Nauli yangu sidai. Zile picha za watoto ukingoni ulizotuma kwenye grupu zifute leo, maana chini yake watu wameshaanza kuuliza safari ijayo ni lini.