Naomba ushauri: nirekodi vipi skrini ya laptopu niwatumie wenzangu WhatsApp bila kumaliza bando?

MamaStoo:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi natunza hesabu duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, tuna tawi Tunduma na kule kuna wadada wawili wapya wanatakiwa waingize mauzo ya siku kwenye Excel. Kila jioni napigiwa simu, dada hapa nabonyeza wapi, naelekeza kwa mdomo mpaka salio linakata na bado bei ya saruji inaenda kukaa kwenye idadi ya mifuko. Nikaona bora nirekodi skrini yangu waone wenyewe.

Laptopu ni ya zamani, Windows 10, RAM 4GB. Nilianza na ile ya kubonyeza Windows na G, ikarekodi Excel vizuri, ila nilipotoka kuwaonyesha folda la kuhifadhia faili halionekani kabisa kwenye video. Nikashusha OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, dakika 8 zikanipa MB 160! Nikaituma hivyohivyo WhatsApp kama video, ikafika maandishi yana ukungu, 3 na 8 huwezi kutofautisha. Halafu jana nikiwa dakika ya 20 umeme ukakatika, betri yangu ilishakufa zamani, faili la MP4 likagoma kufunguka. Nimeumia sana jamani, nisaidieni.

Fundi_wa_Uyole:
Pole sana dada. Hiyo ya Windows na G imetengenezwa kwa ajili ya magemu, inashika dirisha la programu moja tu, deskitopu na mafolda hairekodi, kwahiyo hujakosea popote. Baki na OBS, ni ya bure na haiweki nembo juu ya video yako.

MB 160 zinatoka hapa: kwa ukubwa huo OBS yako inaelekea inatumia kilobiti 2500 kwa sekunde za picha na 160 za sauti, zidisha kwa sekunde 60 gawa kwa 8, ni kama MB 20 kila dakika. Ingia Settings, sehemu ya Output, picha weka 500 na sauti 96, na ubora wa kurekodi uweke kwenye Same as stream. Utapata MB 4 na nusu hivi kwa dakika. Halafu nenda Video, weka 1280x720 na FPS (picha kwa sekunde) 10. Usiogope hiyo 10, jedwali la Excel limetulia halihitaji picha 30 kila sekunde, na zikiwa chache kila moja inapata nafasi ya kutosha, namba zinasomeka. Mausi tu ndo usiikimbize.

Kuhusu umeme, rekodi kwa aina ya faili ya MKV badala ya MP4. Hata ikizima katikati, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki. Ukimaliza ingia File, Remux Recordings, inageuka MP4 ndani ya sekunde chache na ubora haupungui.

binti_kasuku:
Naongezea hapo kwa fundi. WhatsApp usitume kama video, tuma kama dokumenti, inafika vilevile ilivyo bila kukamuliwa. Na da mkubwa, dakika 20 ni nyingi, kata vipande, kimoja kufungua faili, kingine kuingiza mauzo, kingine kuhifadhi, ili aliyekwama atafute kipande chake tu. Wao wanaangalia kwenye simu, kwahiyo kuza Excel mpaka 150% kabla hujaanza, shika Ctrl zungusha gurudumu la mausi.

Mzee wa Leja:
Mwanangu, kabla hujatuma angalia nini kinaonekana. Mimi niliwahi kurekodi somo la namna hiyo, pembeni kukawa na orodha ya wateja wanaodaiwa, majina na namba za simu, ikaenda kwenye grupu la watu 40. Ilinigharimu kuomba radhi mtu mmoja mmoja. Tengeneza nakala ya faili yenye majina ya kubuni, funga WhatsApp ya kwenye kompyuta, zima na arifa zote.

MamaStoo:
Shikamoo mzee, asante, hilo sikuliwaza kabisa na madeni yapo shiti ya pili kweli.

Wakuu mrejesho. Nimerekodi kipande cha dakika 2, kimetoka MB 9, nimetuma kama dokumenti na mdada wa Tunduma kaniandikia "dada naona mpaka nukta". Jioni hii kaingiza mifuko 35 ya saruji na bei imekaa safu yake. Ila wanasema mausi hawaioni vizuri, inapotelea kwenye weupe wa Excel.

Fundi_wa_Uyole:
Safi sana dada! Hiyo ndogo, ingia setingi za Windows, Ease of Access, kuna sehemu ya kukuza mshale na kuupa rangi. Weka njano au kijani kali, uukuze hatua mbili tatu, kisha rekodi kidogo ujaribu kama unaonekana kwenye video.