Tupeane uzoefu: apu gani ilichimba taarifa zako mpaka ukashtuka?

#1
Wakuu habari zenu, naanza mimi. Nilibanwa na hela nikashusha apu ya mkopo, ikaomba majina ya simu, meseji, picha, lokesheni, mi na ile haraka nabonyeza kubali, kubali tu. Marejesho yakachelewa siku nne, siku ya tano bosi ananiita ananionyesha meseji ya watu wa apu kwamba mimi ni tapeli, wakwe zangu nao wameipata, hadi fundi bomba niliyempigia mara moja tu. Deni nililipa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hao waliotumiwa meseji hawakukubali chochote, namba zao nilizigawa mimi. Nikaifuta apu nikijua yameisha, kumbe ukifuta inatoka kwenye simu tu, walichobeba kiko kwenye seva zao. Nilikaa wiki nzima napigia mmoja mmoja kuomba radhi.

#2
Pole sana mkuu. Yangu ilikuwa tochi. Tochi jamani, inataka lokesheni ya nini? Mwaka 2013 kule Marekani tume ya biashara, FTC, ilimbana mtengenezaji wa apu ya tochi ya Android kwa kupeleka lokesheni na namba ya utambulisho wa simu kwa watu wa matangazo. Niliposoma hiyo nikaitoa siku hiyohiyo.

#3
Mimi nakimbia asubuhi na apu ya mazoezi, narusha njia yangu kila siku watu wanalike, kumbe ule mstari unaanzia na kuishia mlangoni kwangu. Mtu niliyeachana naye akatokea getini, na sikuwahi kumwambia nimehamia wapi. Niliogopa sana, nilihama tena. Mnakumbuka 2018 ramani ya Strava, apu ya mazoezi, ilivyoanika kambi za jeshi kwa sababu askari walikuwa wanakimbia nayo? Wadada wenzangu ingieni setingi mfiche mwanzo na mwisho wa njia, leo, msingoje kesho.

#4
@1 kama unatumia iPhone, kuanzia iOS 18 unaweza kuipa apu majina machache unayochagua badala ya kitabu chote. Android nenda setingi, faragha, kidhibiti cha ruhusa, unaona kila apu imeshika nini.

#1
Asante mkuu, nimeingia sasa hivi. Apu 11 zina majina yote ya simu yangu, mojawapo ni ya kuhariri picha. Nazinyang'anya moja moja hapa. Wengine endeleeni kushusha visa vyenu.